Santuri, kanda au simu? Kwa anayetaka kuanza kukusanya muziki akiwa Dodoma

Mwaka jana, baridi ya mwezi wa saba ikiwa imekolea, alifika kwenye kibanda changu cha ufundi dada mmoja mtumishi wa serikali, miongoni mwa wale waliohamia Dodoma na wizara zao. Akaweka mezani santuri tatu zilizoviringishwa ndani ya kanga.

"Shikamoo fundi. Hizi ni za marehemu babu yangu. Nataka nianze kukusanya santuri. Ninunue mashine gani?"

"Marahaba mwanangu. Mashine tutaifikia. Kwanza niambie unataka kusikiliza nyimbo zipi."

Alidhani namzungusha, lakini hilo ndilo swali ninalomuuliza kila anayekuja na hamu hii, na siku hizi wanakuja wengi, hasa vijana. Huko nje santuri imefufuka kweli. Marekani mwaka 2022 ziliuzwa santuri milioni 41 dhidi ya sidii milioni 33, mara ya kwanza kwa santuri kuipita sidii kwa idadi tangu 1987. Kijana akiona kwenye simu yake picha ya sahani inazunguka na sindano inashuka taratibu, moyo unamtoka. Mimi nimeshika ufundi wa redio kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na santuri nazipenda tangu utotoni. Ndiyo maana sitaki mtu amalize mshahara wake kwenye mashine, kisha agundue kwamba muziki anaoupenda haukuwahi kuchapwa kwenye santuri.

Basi niviweke vyombo vitatu kwa pamoja: santuri, kanda na simu. Kwa simu namaanisha mafaili ya nyimbo pamoja na programu za kusikiliza mtandaoni. Sidii nitaigusa inapobidi tu.

Wimbo wako ulizaliwa wapi?

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Enzi za muziki wa dansi bendi zetu zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, kwenye tepu kubwa za magurudumu, na kazi ya tepu hizo ilikuwa kurushwa hewani. Wimbo ukitakiwa uwe santuri, njia ilielekea Nairobi: ama tepu ilipelekwa, ama bendi yenyewe ilisafiri ikarekodi huko. Ndiyo maana santuri ya Morogoro Jazz, au ya Super Volcano aliyoiongoza Mbaraka Mwinshehe baadaye, utaikuta na nembo ya Polydor na maandishi madogo yanayoonyesha kuwa imechapwa Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Miaka hiyo yote bendi ziliendelea kupiga na redio ikaendelea kurekodi, ila mlango wa santuri ulikuwa umebana. Mbaraka mwenyewe alifariki kwa ajali ya gari huko huko Kenya, Januari 1979, na baadaye nyimbo zake zikakusanywa kwenye LP, zile santuri kubwa, za ukumbusho. Hizo ndizo ninazoletewa mara nyingi kuliko nyingine zozote za dansi.

Kwa hiyo nyimbo nyingi unazozisikia kwenye vipindi vya zilipendwa hazina santuri popote duniani. Zilibaki kwenye tepu za redio, na watu wakazinasa majumbani kwa redio kaseti, kidole kikisubiri juu ya kitufe mtangazaji amalize kusoma salamu. Ukizitaka hizo, tafuta kanda, au nakala za mtandaoni zilizotokana na kanda.

Kwa upande wetu huku mikoa ya kati, mgawanyo ni huu. Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi, aliipiga dansi yake na Afro 70, na sahani zake ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zipo. Ukikuta yenye uso safi, usiiache. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeupeleka muziki wa zeze na marimba kwenye majukwaa ya dunia, rekodi zake zilizotolewa Uingereza miaka ya 1990 zilikuta sidii ndiyo inayotawala. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alinasa muziki wa Wagogo mwaka 1950, ila santuri za mfululizo wake zilielekezwa zaidi kwenye maktaba na vyuo. Leo ni rahisi zaidi kuzisikia rekodi hizo kwenye kompyuta kuliko kuiona sahani yenyewe.

Na kwaya? Kwaya za makanisa ya Dodoma, Mpwapwa, Kongwa, zilizoimba kwa Kigogo na Kiswahili miaka ya themanini na tisini, ziko kwenye kanda. Muheme, ngoma ya Wagogo, iliyopigwa harusini, mjomba akairekodi kwa redio yake ya kubeba begani, iko kwenye kanda. Mahubiri, mazungumzo ya msibani, sauti ya babu akihadithia njaa aliyoiona, vyote kanda. Bongo Fleva ya mwanzo nayo ni kanda na sidii.

Nilipomweleza dada yule haya, akakaa kimya kidogo, akasema anachokitaka hasa ni dansi ya miaka ya sabini, na kwaya aliyokuwa akiimba bibi yake Kongwa. Basi nusu ya jibu lake iko kwenye santuri na nusu iko kwenye kanda, na kabla ya kuniuliza alikuwa anaijua nusu moja tu.

Sauti

Wapenzi wa santuri husema sauti yake imeshiba. Sibishani nao, lakini nataka mtu ajue anasikia nini. Kila upande wa santuri una mfuo mmoja mrefu unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Kuta za mfuo ule ndizo zenye sauti, na sindano ikipita inatikiswa, mtikisiko ukageuzwa umeme. Umeme wenyewe ni mdogo mno, kama sehemu tano kati ya elfu moja za volti. Tena wakati wa kuchonga, besi hupunguzwa makusudi na sauti nyembamba hupandishwa, ili mfuo usitanuke ukala nafasi yote. Kwa hiyo wakati wa kupiga lazima kuwe na kifaa cha kukuza na kurudisha besi mahali pake. Amplifaya za zamani zilikuwa nacho ndani, nyuma ya tundu lililoandikwa PHONO. Za sasa nyingi hazina. Nimeletewa mashine nzima kabisa, mwenye nayo analalamika sauti ni ndogo na haina besi, kumbe kaichomeka kwenye tundu la sidii.

Kwa vipimo, sidii inaishinda santuri: haina mikwaruzo, na nafasi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa ni pana zaidi. Lakini usilinganishe vyombo tu, linganisha nakala zilizo mbele yako. Wimbo wa dansi wa mwaka 1974 unaoupata mtandaoni mara nyingi umetoka kwenye kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine, nayo ilinaswa redioni siku ya mawimbi mabaya, halafu ukabanwa uwe faili dogo la kurushiana. Nimewahi kuweka sahani ya 45 upande mmoja na simu upande mwingine, wimbo ule ule. Kwenye simu palikuwa na mvumo tu. Kwenye sahani mvumo ule ukawa gitaa la besi, na mpigaji wake anatembea na vidole mpaka unamwona. Siku hiyo nilifunga kibanda mapema nikakaa kuusikiliza tena na tena. Kwa nyimbo za aina hiyo, santuri safi ndiyo nakala bora aliyonayo mtu wa kawaida.

Ina kasoro yake, nayo ni muda. Upande wa sahani ndogo ya 45 unabeba dakika chache, tatu hadi tano, na nyimbo zetu ni ndefu. Zilikatwa mara mbili: sehemu ya kwanza mbele, sehemu ya pili nyuma. Mashairi yanaisha, magitaa yanaanza kuitana, chemko inakaribia, sahani inakwisha. Unainuka, unageuza. Kuna wanaopenda kule kuinuka. Mimi kwa wimbo wa kucheza naona ni hasara, na hapo ndipo kanda iliyonaswa redioni inapoishinda santuri, maana wimbo uko mzima. LP inavumilia zaidi, kama dakika 22 kila upande.

Kanda ina mvumo wake wa chini chini usiokwisha, na ikichezwa kwenye mashine mbovu inayumba kama mlevi. Hata hivyo watu wengi huilaumu kanda kwa kosa la mashine. Kila redio kaseti kichwa chake kimekaa kwa mlalo wake, na kanda iliyorekodiwa kwa mashine nyingine inaweza kusikika kama mtu anayeongea ndani ya debe. Pembeni ya kichwa kuna skrubu ndogo. Ukiigeuza kwa makini huku unasikiliza, kuna mahali sauti inafunguka ghafla, na matamshi ya Kigogo uliyokuwa huyapati yanasikika herufi kwa herufi. Kazi ya dakika mbili, na katika ufundi wangu wote hakuna ninayoipenda kuliko hiyo.

Vumbi, joto, mchwa

Maelezo mengi ya kutunza santuri yameandikwa na watu wa nchi zenye unyevu. Hapa Dodoma tuna Mei hadi Novemba bila mvua ya maana, upepo, na vumbi jekundu linaloingia hata dirisha likiwa limefungwa. Hewa ikiwa kavu hivyo, plastiki inajaa umeme wa msuguano. Ule mtatariko unaousikia usiku ukivua sweta la nailoni, ndio huo huo uko juu ya santuri yako, na unavuta vumbi kama sumaku inavyovuta misumari. Ukilifuta kwa kitambaa kikavu unaongeza msuguano, na vumbi linarudi maradufu. Vumbi ni mchanga. Sindano inapolikuta kwenye mfuo inalisaga ukutani, na alama ile haifutiki.

Ninachofanya ni kuosha. Maji, tone la sabuni ya vyombo, brashi laini, kuzungusha kufuata mfuo bila kulowesha karatasi ya katikati. Lakini usisuuzie maji ya bomba. Maji yetu ya visima vya Makutupora yana chumvi, kila mwenye birika anajua, na yakikauka yanaacha utando mweupe ndani ya mfuo. Nunua maji ya betri, yale safi ya kuongezea, siyo asidi. Kisha kausha kwenye kivuli, sahani ikiwa imesimama. Kiangazi ninapopiga santuri huwa naanika taulo bichi chumbani, na tofauti naiona.

Joto ndilo la pili. Santuri inalainika, inapinda, na ikishapinda kuirudisha ni bahati. Niliwahi kutumiwa LP nne kwa basi kutoka Dar, zikawekwa kwenye buti karibu na injini. Zilifika na mawimbi kama bati la msauzi. Tangu hapo nikinunua Dar nazipakata mwenyewe kwenye treni ya SGR, ambayo tangu 2024 inatuleta hadi Dodoma kukiwa na ubaridi ndani. Nyumbani usiziweke kwenye chumba kisicho na dari, wala ukuta unaopigwa na jua la jioni. Zisimamishe kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine.

Mchwa hawali santuri, wanakula jalada, na jalada lina majina ya wapigaji, mwaka, picha ya bendi nzima imevaa sare. Nimeona sahani nzima kabisa ndani ya vumbi la jalada lake lililokwisha, na hakuna tena wa kutuambia nani alipiga solo. Rafu ya chuma, mbali na ukuta.

Sasa angalia kanda kwenye hewa hii hii. Ukavu unaoisumbua santuri unaisaidia kanda. Ninazoletewa kutoka Tanga na Unguja mara nyingi zina ukungu mweupe pembeni mwa utepe, wakati za Kondoa na Mpwapwa zina vumbi tu la kupangusa. Zinachoogopa ni jua la dashibodi na sumaku ya spika. Kinachoharibika zaidi ni vitu vidogo: kile kipande cha sponji kinachosukuma utepe kwenye kichwa kinabanduka kwa sababu gundi imekauka, au utepe unakatika mwanzoni. Vyote vinatengenezeka. Kanda za dakika 120 ndizo za kuhurumiwa, utepe wake ni mwembamba mno na mashine inazitafuna. Nikipata ya hivyo naisikiliza mara moja tu, huku naihamishia kwenye kompyuta.

Simu haiogopi vumbi wala mchwa. Yenyewe hufa bila kuaga. Santuri ikichoka inakwaruza, kanda ikichoka inafifia, lakini memori kadi jana ilikuwa nzima na leo haifunguki. Programu za mtandaoni nazo zinakupa wimbo kwa kadiri wenye haki wanavyoruhusu. Siku moja unautafuta na haupo. Kitu kisicho mkononi mwako sikihesabu kuwa umekikusanya.

Fedha na mashine

LP mpya inayotolewa Ulaya, pamoja na zile za muziki wetu wa zamani zinazochapwa upya, ni kati ya dola 25 na 40 kabla ya usafirishaji na ushuru. Kwa shilingi umeshapita 60,000 kwa sahani moja. Mashine mpya ya maana huanzia kwenye dola 200 hivi huko zinakouzwa. Sindano nayo haidumu milele: saa 500 hadi 1,000 za kupiga, kisha ibadilishwe, na hapa mjini utaagiza. Kwenye hesabu hiyo ongeza amplifaya, spika, na kile kifaa cha kukuza nilichokitaja.

Zipo mashine za bei ndogo zenye umbo la kisanduku cha mkononi, spika humo humo. Zinapendeza mezani. Vichwa vyake vya sindano vingi ni vya kauri na vinabonyeza sahani kwa gramu 5 au zaidi, wakati mashine yenye kichwa cha sumaku hubonyeza kwa gramu 2 hivi. Kwa kujaribia sahani chakavu inatosha. Usiipe sahani ya mwaka 1972 iliyookolewa miaka hamsini na mtu mwingine.

Mitumba kutoka Japani ni mizuri sana kwa ubora, lakini soma nyuma kabla ya kuchomeka. Kwao umeme ni volti 100, kwetu 230. Nimepokea kadhaa zilizoungua transfoma siku ya kwanza, tena mashine ambazo zingeweza kudumu miaka mingine thelathini. Tazama pia kama imeandikwa Hz 60 peke yake. Mashine za zamani ambazo mota yake hufuata mapigo ya umeme zitazunguka pole pole kwenye Hz 50 zetu, pungufu karibu sehemu moja ya sita, na mwimbaji atasikika ana usingizi mzito. Hilo halirekebishwi na transfoma. Mashine ya mkanda yenye mota ya umeme wa betri haina tatizo hilo.

Ukirithi sahani nzito zinazovunjika kama kigae, hizo ni za mizunguko 78, zama za akina Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Zinataka sindano nene zaidi, na usizisafishe kwa spiriti hata kidogo, zinayeyuka. Zihifadhi, uliza, usiziguse haraka.

Kanda kwa gharama ni jambo jingine kabisa. Nyingi nimepewa bure, nyingine zilikuwa njiani kwenda kuchomwa. Mashine ya kaseti ya mitumba ikibadilishiwa mikanda ya mpira na kusafishwa kichwa kwa spiriti inafanya kazi. Waya mmoja kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye kompyuta, programu ya Audacity isiyolipiwa, na uvumilivu, kwa sababu kanda ya saa moja inachukua saa moja. Hifadhi bila kubana: saa moja ya stirio kwa kiwango cha sidii ni kama MB 635, kwa hiyo flashi ya GB 128 inabeba kama saa 200. Weka nakala mbili, nyumba mbili tofauti.

Simu unayo tayari. Kwa kusikiliza ukiwa kwenye daladala ya Mtumba, au jikoni, hakuna chombo kinachoishinda na sioni haja ya kubishana.

Jambo ambalo wapangaji hulisahau ni uzito. LP ikiwa na jalada ni kama robo kilo. Mia moja ni kilo 25, mia tano ni zaidi ya magunia mawili ya saruji. Mtumishi anayeweza kuhamishwa mwakani afikirie hilo kabla rafu haijajaa.

Ningechagua nini

Anayependa dansi ya miaka ya sitini na sabini iliyochapwa Nairobi, ana kipato kinachobaki, ana nyumba iliyotulia, na yuko tayari kuosha sahani kama anavyoosha vyombo: aanze santuri, na aanze na sahani kumi anazozijua kwa majina. Asinunue kwa mkupuo. Akifika Nairobi apite Kenyatta Market, kuna duka la santuri linalojulikana na wakusanyaji wa mbali. Apeleke tochi, aiinamishe sahani kwenye mwanga. Weusi unaong'aa ni dalili njema. Ukijivujivu kwenye mfuo ni sindano mbovu ilikwishapita hapo, na hakuna sabuni itakayousaidia.

Lakini nikiulizwa kitu gani mtu wa Dodoma akusanye leo, akiwa na fedha kidogo na miaka michache, nasema kanda, na nasema hivyo nikijua kwamba moyo wangu mwenyewe uko kwenye santuri. Sababu ni moja. Santuri za Mbaraka zina watu wanaozitafuta Ulaya, Marekani na Japani, wana fedha, wanazichapa upya. Hakuna mtu Tokyo anayeitafuta kanda ya kwaya ya Kongwa ya mwaka 1988. Asipoichukua mjukuu, itaungua pamoja na majani ya uani, na pengine ilikuwa ndiyo pekee.

Ziko majumbani kwa wastaafu wa reli, walimu, wainjilisti, akina mama waliokuwa viongozi wa kwaya. Nenda kwa adabu. Ukifika kwa mzee wa Kigogo ukaanza na "mbukwenyi" na kukaa kwenye kigoda unachopewa, mazungumzo yanafunguka tofauti na ukiingia na kuuliza bei. Na mwambie ukweli. Kama ana santuri yenye thamani, mwambie ina thamani. Kuna wanaopita vijijini wakinunua sahani kwa bei ya soda ili wakaziuze kwa dola, na mimi hao siwatengenezei mashine. Kanda ukipewa, mrudishie nakala kwenye flashi, na kabla hujaondoka mwombe akutajie majina ya waimbaji, uandike kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi ya ndani. Sauti bila majina ni nusu ya mali.

Dada yule hakununua mashine siku ile. Santuri zake tatu tuliziosha: moja ilikuwa imepinda mno, mbili zikapigwa kwenye mashine yangu, na ya pili akaisikiliza pande zote mbili akiwa amesimama. Baada ya wiki tatu akarudi kutoka Kongwa na mfuko wa rambo, kanda kumi na saba, nyingine hazina hata ganda. Kwenye ya nne sponji lilikuwa limedondoka ndani. Nikaligundisha, nikageuza skrubu kidogo. Ikaanza kwaya. Akanishika mkono ghafla akaniambia nirudishe nyuma. Kabla ya ubeti wa kwanza kuna sauti ya mama mmoja anawahesabia wenzake, "Moja, mbili, haya," na huyo ni bibi yake.

Tumefika kanda ya tisa. Anakuja Jumamosi baada ya sokoni, na amenunua daftari la majina.